Kiti cha Pointi Ukibadilisha Ndege Njiani: Jua Kwanza Programu Yako Inahesabu Nini

Wanaoniuliza kuhusu tiketi za pointi, yaani tiketi za ndege unazolipia kwa pointi ulizokusanya kwenye programu ya wateja ya kampuni ya ndege, karibu wote huanza na bei: kwenda kule ni pointi ngapi? Mimi huwarudishia swali: unapitia wapi, na programu yako inahesabu nini? Kwa safari ya ndege moja, jibu halibadilishi mambo sana. Ukishalazimika kubadilisha ndege njiani, hapo ndipo pointi zako zinapookoka au kupotea. Nimeona viti vilevile, kwenye ndege zilezile, vikidaiwa pointi nyingi zaidi katika programu moja kuliko nyingine kwa sababu hiyo tu.

Zipo programu zinazohesabu kwa kanda. Dunia imegawanywa maeneo, nawe unalipia kutoka kanda hadi kanda, upite kituo kimoja au viwili. Kwa mtu anayeishi mbali na viwanja vikubwa huu ndio mpango bora kuliko yote, kwa kuwa ndege ndogo ya kumfikisha kwenye kituo kikubwa haimwongezei kitu. Ukiwa na programu ya namna hii, itunze kwa ajili ya safari ndefu zenye kubadilisha ndege.

Nyingine zinahesabu kila ndege peke yake. British Airways ilipoanza kutumia pointi zinazoitwa Avios mwaka 2011 ilileta jedwali la umbali ambalo kila kipande cha safari kina bei yake, kisha bei zinajumlishwa. Ndege moja fupi hapo huwa nafuu sana. Unganisha tatu, na unafuu wote unayeyuka. Pointi za aina hii mimi nazipeleka kwenye safari za moja kwa moja, na ninashauri ufanye hivyo.

Kundi jingine linajumlisha umbali wote unaoruka, halafu linatazama umeangukia ngazi gani. Jedwali ambalo Aeroplan, programu ya Air Canada, ilitoa mwaka 2020 linafuata mtindo huu, na kati ya Amerika Kaskazini na Ulaya ngazi ya kwanza inaishia maili 4,000. Sasa pima: Chicago hadi London moja kwa moja ni kama maili 3,950. Ukipitia Washington unavuka 4,200, na umeshapanda ngazi. Kituo ulichochagua kwa sababu saa zake zinakufaa kimebadilisha bei. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kiti, pima umbali wa kila njia inayowezekana. Vikokotoo vya umbali kati ya viwanja viko bure mtandaoni.

Na kuna zile zilizoacha majedwali. Kampuni ya Marekani ya Delta iliyaondoa mwaka 2015, na mwenzake United ikatangaza kufanya hivyo kwa safari za kuanzia Novemba 2019. Bei ya pointi huko hufuata mahitaji, kama nauli ya fedha, na mara nyingi safari ya kubadilisha ndege inakuwa nafuu kuliko ya moja kwa moja, kwani abiria wengi wanaikimbia ya kuzunguka. Usiidharau.

Lakini jambo linalowachosha watu kuliko bei ni kiti chenyewe. Unatafuta safari nzima, unaambiwa hakuna. Unatafuta kipande kimoja kimoja, vyote vipo! Au kinyume chake: safari nzima ipo, ila ukitaka kipande cha pili peke yake kimefungwa. Mtandao haujaharibika. Kampuni nyingi hazigawi viti vya pointi kwa kutazama ndege moja moja tu. Zinatazama msafiri anatoka wapi na anaishia wapi. Ndege inayotoka kituo kikubwa huenda ina wateja wa kutosha wa kulipa fedha, hivyo kiti kinafungwa kwa anayeitaka ndege hiyo pekee, kisha kinafunguliwa kwa anayetoka mbali zaidi, ambaye kampuni inashindana na wengine kumpata. Vipande hivyo vinauzwa vikiwa vimeunganishwa, si kimoja kimoja. Ndiyo maana mimi hutafuta mara mbili, safari nzima kisha vipande, na hujaribu pia mji wa jirani kama mwanzo. Kazi inachosha, lakini imenipatia viti ambavyo utafutaji wa mara moja ulisema havipo.

Ukipata vipande viwili vilivyo wazi ambavyo mtandao unakataa kuviunganisha, piga simu. Mhudumu mwenye subira wakati mwingine anaweza kuviweka kwenye tiketi moja. Sipendekezi kukata tiketi mbili tofauti ili kulazimisha: ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina wajibu wa kukusubiri wala kukutafutia nyingine.

Tazama pia daraja. Programu nyingi hutoza safari nzima kwa daraja la juu lililomo, hata kama daraja la biashara ni la saa moja na zile saa nane za usiku utakaa daraja la kawaida. Mimi ningekubali kinyume chake tu: kipande kifupi daraja la kawaida, kirefu daraja la biashara, kwenye kiti kinacholala kama kitanda.

Muda wa kusubiri nao una bei. Kwa safari za kimataifa, kukaa kituoni chini ya saa 24 kwa kawaida ni kuunganisha tu. Ukizidisha, unahesabiwa umesimama, na programu nyingi hukutoza upya au hazikuruhusu. Aeroplan huruhusu kwa nyongeza ya pointi 5,000. Mpaka huohuo wa saa 24 unagusa kodi: anayepita Uingereza ndani ya muda huo kwa tiketi moja kwa kawaida hatozwi kodi ya abiria wa kuondoka ambayo angetozwa kama angeanzia safari hapohapo. Kwenye safari ndefu ya daraja la biashara tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo fungua mchanganuo wa tozo na uusome mstari kwa mstari kabla ya kuthibitisha.