Amplifaya mbili, masikio yaleyale

SWALI: Ndugu yangu anadai kuwa amplifaya yake ya bei kubwa inatoa sauti safi kuliko yangu. Tutapimaje kwa haki?

JIBU: Anzeni kwa kusawazisha ukubwa wa sauti, jambo ambalo wengi hulipuuza, kwa kuwa sauti iliyozidi kidogo tu husikika kana kwamba ni safi zaidi, wala si kubwa zaidi. Chezeni mlio usiobadilika wa hezi 1,000, mkipima volti kwenye nyaya za spika kwa mita ya fundi umeme mpaka tofauti kati ya amplifaya hizo isizidi desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani takriban asilimia 1 ya volti. Kukadiria kwa sikio hakutoshi. Spika na wimbo viwe vilevile.

Mtu wa tatu, akiwa nyuma ya pazia na bila kuzungumza, arushe sarafu kila mara kuamua ipi ichezwe; hata ikirudiwa ileile, aizime, achomoe nyaya na kuzichomeka upya, la sivyo kutosikika kwa shughuli ya kubadilisha kutatoa jibu. Ndugu yako ajaribu kuitambua yake mara 16, idadi mliyokubaliana kabla. Anayebahatisha hupatia 12 au zaidi takriban mara 4 tu kati ya 100. Kwa hiyo akifikisha 12, dai lake lina uzito; akipatia 9, asiombe nyongeza.