Re: Kwa nini kadi ya EBT ilikataa kuku na pampasi?

Pole dada, kusimama kwenye kaunta na foleni nyuma yako si raha. Mchele na maharage vimepita, kuku wa kuoka na pampasi vimekataliwa. Kosa la huyo kuku ni joto lake tu. SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula unaowekwa kwenye kadi ya EBT, hailipii chakula kinachouzwa kikiwa cha moto. Kuku yuleyule akipozwa na kuwekwa kwenye friji ya duka, kadi inampokea bila neno. Ajabu, lakini ndiyo sheria ya Marekani.

Pampasi, sabuni, karatasi za chooni, dawa na chakula cha paka hazimo. Pombe na sigara usijaribu. Vitamini nazo zinawachanganya wengi: ukiona kwenye chupa pameandikwa "Supplement Facts", toa pesa yako.

Wengi hawajui kwamba mbegu na miche ya chakula inaruhusiwa. Kama una kibaraza chenye jua, nunua mbegu za mchicha au mche wa nyanya. Unga, mawese na dagaa pia sawa, mradi duka linapokea EBT.

Soda inategemea jimbo. Indiana na Utah, kwa mfano, walianza kuizuia Januari 2026, kwa hiyo uliza kwenu.

Na pampasi, angalia kama kadi yako ina pia pesa za TANF, yaani msaada wa pesa taslimu kwa familia zenye watoto. Hizo zinazinunua, ila kwenye mashine bonyeza "Cash", usibonyeze "Food".