Swali: Dada yuko Marekani anataka nipime DNA, data yangu itakuwa salama?

SWALI: Habari mtaalamu. Dada yangu yuko Minnesota, kashapima DNA kwa zile kampuni za kutema mate kwenye kichupa, sasa anataka na mimi nipime tujue asili yetu, halafu ukoo wetu una sikoseli. Nasikia Marekani sheria inalinda sana taarifa za afya, ni kweli? Na nikighairi baadae nikafuta akaunti, zinafutika?

JIBU: Salama ndugu. Hapo kwenye sheria ndo wengi wanajidanganya. HIPAA, ile sheria ya Marekani ya siri za taarifa za afya ambayo kila mtu anaitaja, inabana hospitali, madaktari na bima za afya, hawa wanaouza vichupa mtandaoni kwa kawaida hawamo kabisa, kwao we ni mteja sio mgonjwa, kwahiyo kinachokulinda zaidi ni yale masharti uliyobonyeza "nakubali" bila kusoma (nani anayasoma?) na sheria za baadhi ya majimbo. Ipo pia sheria yao nyingine, GINA ya 2008, inakataza bima ya afya na mwajiri kukubagua kwa vinasaba vyako, ila bima ya maisha haikuigusa.

Angalia yaliyowakuta 23andMe, moja ya hizo kampuni za vichupa. 2023 wezi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 tu, za watu waliorudia paswedi iliyokwisha kuvuja sehemu nyingine, lakini kwa vile kuna kipengele cha kukuonyesha ndugu zako wakachota taarifa za watu kama milioni 6.9, yaani mamilioni ambao akaunti zao hazikuguswa kabisa nao wakaliwa kwa sababu ya ndugu. Machi 2025 kampuni ikaomba kinga ya ufilisi na zile data zikawa mali inayopigwa bei kama meza za ofisini, mwisho ikachukuliwa na taasisi ya mmoja wa waanzilishi wake wenyewe kwa dola milioni 305.

Kufuta inawezekana, lakini sio yote. Akaunti inafungwa na mate yanatupwa, ila masharti ya 23andMe yanasema maabara inabaki na taarifa za vinasaba, jinsia na tarehe ya kuzaliwa kwa matakwa ya kisheria, na utafiti uliokwisha kufanyika kwa data yako haurudi nyuma.

Huku kwetu Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka vinasaba kwenye taarifa nyeti, Kenya nao hivyohivyo tangu 2019. Hatua nzuri, ila kwa maoni yangu hizi sera zote zina tundu moja, zinaomba ridhaa ya mtu mmoja wakati vinasaba ni vya ukoo mzima. Dada yako alipotema mate karibu nusu ya vinasaba vyako vilishaenda na we hukuulizwa, na wanao kesho hawataulizwa.

Kama shida ni sikoseli nenda hospitali upime damu tu, jibu unapata na linakaa kwenye faili lako chini ya siri ya daktari. Asili ikikuwasha sana basi pima, ila zima hicho kipengele cha ndugu, kataa utafiti, weka paswedi ambayo hujaitumia popote, na kabla ya yote ongea na wadogo zako.