Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Kuzaliwa Mara ya Pili

Mwanangu mpendwa,

Unaniuliza kama kweli umezaliwa mara ya pili, kwa kuwa wenzako wa ushirika wa chuoni wanataka uwatajie siku na saa uliyookoka, nawe huna ya kutaja. Ulibatizwa ukiwa mchanga, ukapata kipaimara, na hukumbuki wakati ambao hukumwamini Bwana Yesu.

Aliyeambiwa neno hili kwanza alikuwa Nikodemo, ambaye hakuwa mlevi wala mwizi, bali Farisayo na mwalimu wa Israeli. Hata hivyo Yesu alimwambia kwamba asipozaliwa mara ya pili hawezi kuuona ufalme wa Mungu. Kama mtu wa namna ile alilihitaji jambo hili, basi halipatikani kwa mwenendo mzuri wala kwa elimu ya dini. Yesu alipotaja maji na Roho, Nikodemo alipaswa kuikumbuka sura ya 36 ya Ezekieli, ambamo Mungu anaahidi kuwanyunyizia watu wake maji safi, kuwaondolea moyo wa jiwe na kutia roho yake ndani yao. Isome tena usiku huu, uone ni nani anayetenda katika kila mstari. Hakuna mtoto aliyewahi kujizaa.

Kuhusu tarehe, Paulo angeweza kuwaonyesha watu mahali penyewe, kwenye njia ya kwenda Dameski. Lakini Timotheo, aliyeyajua Maandiko tangu utoto, na ambaye imani yake ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, hakuandikiwa siku wala saa, na Paulo hakumdai. Wewe uko upande wa Timotheo, wala hilo si pungufu.

Hata hivyo usiwadharau wenzako. Sisi watu wa Kagera tumelelewa na Uamsho, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi kwetu, na walokole wale waliwauliza swali hili hili hata waliobatizwa, hata wachungaji. Walikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana cheti cha ubatizo kinaweza kukaa sandukuni huku mwenye nacho akiishi kana kwamba Mungu hayupo. Tena hawakuishia kwenye ushuhuda na kuimba Tukutendereza, wimbo wao wa sifa: waliungama mbele ya ndugu, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na waliowakosea. Luther naye, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha kwamba ubatizo maana yake ni utu wa kale kuzamishwa kila siku kwa toba, ili mtu mpya afufuke. Kwa hiyo ubatizo wako si bure, mwanangu, ila unakudai kila asubuhi.

Yohana anasema tunajua kwamba tumepita kutoka mautini kuingia uzimani kwa sababu tunawapenda ndugu. Ndiyo maana mimi sikuulizi tarehe. Nakuuliza habari za kaka yako, ambaye hujasemezana naye tangu ule ugomvi wa shamba. Ukija likizo ya Krismasi, pitia kwake kwanza, ndipo uje kwangu.

Mimi mama yako.