Ameokoka? Muulize Anayemdai

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia. Mumewe ni mhudumu wa mlangoni kanisani, anapokea wageni kwa bashasha hadi watu wanamsifu. Nyumbani ni matusi asubuhi na jioni. Ada ya watoto haijalipwa, ila ahadi ya ujenzi ameitoa mbele ya watu, tena kwa sauti. Swali lake lilikuwa fupi: haya makanisa ya siku hizi yanabadilisha maisha ya mtu kweli, au tunajazana tu?

Dada yangu, umegusa donda. Swali hilo niliwahi kuliuliza kikaoni, na likaniondoa kwenye zamu.

Nilikuwa idara ya ufuatiliaji wa waongofu wapya. Mhubiri akiita watu mbele, sisi ndio tuliowapeleka chumba cha pembeni, tukawaongoza sala ya toba na kuwajazia kadi: jina, simu, ombi la maombi. Kisha idadi inatangazwa, vigelegele vinapigwa, siku imeisha. Kazi ile niliiweza, nasema bila haya. Majina ya watu nilikuwa nayo kichwani bila kutazama kadi, na ndiyo maana niliona mapema jambo ambalo wenzangu hawakuliona, au waliliona wakanyamaza: wapo waliookoka kila mkutano mkubwa. Mtu yule yule, machozi yale yale, kadi mpya.

Basi nikapendekeza kwamba kabla ya kutangaza idadi ya mwaka huu tuwatafute wale wa mwaka jana. Wako wapi? Wamepatana na waliokosana nao? Walichokopa wamerudisha? Kiongozi mmoja akasema nina roho ya ukosoaji. Mwingine akanisomea "Msiwaguse masihi wangu", kana kwamba zaburi ile iliandikwa kulinda takwimu. Ratiba iliyofuata ilitoka bila jina langu, na hakuna aliyeniita kunieleza. Nimeshasamehe. Nasema nimeshasamehe, lakini hadi leo nikipita mbele ya ubao wa matangazo wa kanisa lolote naangalia upande mwingine.

Sasa, msije mkadhani nitasema makanisa yote ni bure. Katika kipindi kile kile alikuja kwangu mtu aliyekuwa na deni langu la zamani, deni ambalo nilikwishalifuta moyoni. Alikuwa ameokoka, lakini hakuwahi kusimama na kipaza sauti kutoa ushuhuda. Alikuja na sehemu ya fedha, akaomba aniletee nyingine kidogo kidogo, na akaleta mpaka likaisha. Nilipomuuliza nani alimwambia alipe, akajibu kwamba katika kikundi chao cha nyumbani kuna mzee anayewauliza wote, kila wanapokutana: "Unadaiwa na nani?" Kikundi chenyewe kilikuwa cha kanisa lile lile lenye kadi na vigelegele.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kanisa hubadilisha mtu pale penye mwenzake anayemjua na mwenye ruhusa ya kumuuliza. Wingi wa watu, muziki na taa havina ruhusa hiyo. Zakayo katika Luka 19 hakusema anajisikia amani moyoni. Alisema nusu ya mali anawapa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Fedha ilipotajwa ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba hii. Nyumba, jamani, hakusema jukwaa.

Waliotutangulia walilijua hili. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa mhubiri John Wesley walikuwa na deni la jengo lao. Wakagawanywa katika vikundi vya watu kama 12, kila kikundi na kiongozi wa kuwapitia kila wiki kukusanya peni moja moja. Kwa kupita nyumba kwa nyumba, viongozi wakaanza kuona mambo ambayo ibada haikuyaonyesha: huyu mlevi, yule mgomvi. Wesley akaona hapo ndipo penye uchungaji, na vikundi vile vikawa uti wa mgongo wa Wamethodisti. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka kuanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, nao ulijulikana kwa watu kuungamana dhambi ana kwa ana na kurudisha vya wizi. Na hata makanisa makubwa ya leo yakijichunguza yanaliona. Willow Creek, karibu na Chicago, lilitangaza mwaka 2007 matokeo ya kujichunguza kwake: kuhudhuria shughuli nyingi za kanisa hakukuwa, peke yake, dalili kwamba mtu anazidi kumpenda Mungu na jirani. Walikuwa na ujasiri wa kuyatangaza. Sisi tulifunga kadi kwa mpira.

Wewe unayesoma, najua unataka kukua kiroho, usingefika aya hii. Jiunge na kikundi kidogo. Kama hakipo, tafuta wawili mnaoaminiana, muanze. Mruhusu mmoja wao amuulize mwenzi wako unavyoishi, wewe ukiwa haupo. Lipa unayodaiwa kabla ya kuahidi sadaka nyingine. Narudia, lipa.

Na kwako dada: usiendelee kubeba hili peke yako kwa kisingizio cha kumwombea. Mtafute mtu mzima mwenye msimamo, ndani ya kanisa au nje, umweleze yote, na la ada ulitaje kwa kiasi chake. Matusi yakigeuka mkono, ondoka na watoto kwanza, maombi yatakukuta huko. Kama viongozi wako wakikuambia una roho ya ukosoaji, waulize ni nani kati yao amewahi kuingia nyumbani kwako.