Mtoto Mdogo Kuliko Wote Ndiye Anayechagua Meli

Mhariri, swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: "Ukitaka kusafiri na watoto wadogo kwa meli ya kitalii, utachaguaje kampuni?" Mlilitoa kwenye barua ya mama mmoja wa Njiro, Arusha, mwenye mtoto wa miaka mitano na mwingine wa mwaka na nusu. Mume wake ana likizo Desemba na anataka wote wanne wapande "zile meli kubwa zenye mabwawa juu". Majibu mliyochapisha yalikuwa majina ya kampuni tu, huyu anasifia hii, yule ile.

Mimi nakatisha tiketi hapa Moshi, ofisi ndogo jirani na Mnara wa Saa. Wateja wangu wengi ni wa ndege. Wa meli ni wachache, ila mmoja wao ananimalizia asubuhi nzima kwa maswali. Kwa mama wa Njiro nasema hivi: jina la kampuni liweke pembeni kwanza, uanze na yule wa mwaka na nusu.

Wazazi wengi wakija huwa wananionyesha simu, na kwenye simu kuna mtelezo wa maji unaozunguka juu ya meli kama chatu. Wanasema, "Tunataka hii." Mitelezo mingi ya namna hiyo ina kipimo cha urefu getini, mingi inadai mtoto azidi mita moja na ushee, na wapo wa miaka mitano wasiofika. Mdogo ndiyo kabisa, hatausogelea. Kwa hiyo unalipia kitu ambacho watoto wako wataishia kukitazama kutoka chini.

Kupanda meli kwenyewe si tatizo kwa umri wa huyo wa mwaka na nusu. Kampuni kubwa nyingi zinapokea mtoto kuanzia miezi 6 siku ya kuondoka, na kwa safari zinazokaa baharini siku kadhaa mfululizo bila kugusa bandari zinataka awe na miezi 12, kwa sababu zahanati ya meli si hospitali ya watoto na nchi kavu iko mbali. Tatizo linaanza akishapanda. Klabu za watoto, ambazo ndizo zinampa mzazi nafasi ya kupumua, kwa kampuni za Royal Caribbean na Norwegian zinaanzia miaka 3, na Royal Caribbean inataka mtoto awe ameacha pampasi kabisa. Carnival inaanzia miaka 2 na wahudumu wake wanabadilisha pampasi. Disney klabu yake inaanzia miaka 3 pia, lakini ina chumba cha vichanga kuanzia miezi 6 ambacho unalipia kwa saa, na baadhi ya meli za Royal Caribbean zinacho. MSC ina klabu ya walio chini ya miaka 3, ila hapo uliza vizuri kama ni ya kumwacha mtoto au ya kukaa naye, na uliza kwa jina la meli, maana kampuni ni moja lakini meli hazifanani.

Pampasi hiyohiyo inakufuata hadi bwawani. Meli nyingi haziruhusu mtoto mwenye pampasi kuingia bwawa la kawaida, hata awe na zile za kuogelea, kwa sababu akichafua bwawa linafungwa kwa wote. Zipo meli zenye kisehemu cha maji cha watoto wachanga, chenye mfumo wake wa kuchuja. Disney wanacho, na Royal Caribbean kwenye baadhi ya meli zao kubwa. Kama meli yako haina, mdogo wako atashinda anaangalia wenzake wakirusha maji, na wewe utashinda unamkimbiza.

Niliwahi kusindikiza familia ya mdogo wangu wa kike kwenye safari ya namna hii. Mwanawe alikuwa ametimiza miaka mitatu na mama yake alikuwa na uhakika kwamba klabu ni yake. Mlango wa klabu ulikuwa wa nusu, juu wazi, ili mtoto asitoroke lakini aone ndani. Na ndani alishaona: tangi la samaki, magari, watoto wamekaa kwenye zulia la buluu. Msichana wa mapokezi akauliza kama anajisaidia mwenyewe. Mdogo wangu akajibu, "Ndiyo, isipokuwa labda usiku." Wakati huohuo mtoto akainama kuchungulia, na pampasi ikachungulia nayo juu ya kaptula. Msichana alitabasamu kwa adabu zote na mlango haukufunguka. Kilio cha mtoto nadhani kilisikika hadi kwa nahodha. Kilichotuokoa ni poti ya plastiki iliyonunuliwa Mbuyuni, ileile ambayo shemeji aliipigia kelele nyumbani kwamba inajaza begi. Choo cha chumbani kilikuwa chembamba kiasi kwamba poti ikiwekwa mlango haufungi, kwa hiyo mafunzo yalifanyika mbele yetu sote, bibi yake akiimba. Siku ya mwisho mtoto alipokelewa klabu kwa saa moja.

Kwa hiyo mama wa Njiro ana mawili. Akisubiri mdogo afike miaka mitatu na aache pampasi, milango karibu yote itafunguka. Akitaka Desemba hii, achague meli yenye chumba cha vichanga, au akubali kwamba atakuwa mlezi saa zote na achague safari fupi. Mimi ningemshauri safari fupi.

Hapo linakuja suala la viza, ambalo majibu ya wenzangu hayakuligusa kabisa. Meli za Florida zinataka viza ya Marekani kwa kila mmoja, hata kichanga. Za Mediterania zinataka ya Schengen, na kama meli inatoka kwenda Uturuki au Tunisia kisha inarudi, lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Kila mtoto awe na pasipoti yake, shilingi 150,000 kila moja. Kwa familia isiyo na ndugu Marekani wala subira ya ubalozini, mimi huelekeza Durban. MSC huendesha safari kutoka pale majira ya joto ya kusini, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, za usiku 3 au 4, kwenda Pomene au kisiwa cha Portuguese Island upande wa Msumbiji. Mtanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na Msumbiji pia tunaingia bila viza. Msimu wake unaangukia likizo ya shule ya Desemba. Mara nyingi watoto wanaolala chumba kimoja na wazazi hawalipi nauli, wanalipiwa kodi za bandari tu.

Bebeni cheti cha kuzaliwa cha RITA cha kila mtoto. Mwaka 2015 Afrika Kusini iliweka masharti makali ya vyeti vya watoto mipakani. Yalikuja kulegezwa, lakini mimi siruhusu mteja wangu aondoke KIA bila cheti chenye majina ya wazazi wote wawili. Mzazi akienda peke yake na mtoto, aende na hati ya kiapo ya mwenzake kutoka kwa mwanasheria, iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Sisemi MSC ndiyo bora kwa watoto. Kwa vichanga Disney inaizidi, ila bei yake inazidi ya wengine kwa mbali, na usipokuwa na mtoto anayewajua wale wahusika wake wa katuni kwa majina sioni unacholipia. Pia msidanganyike na ofa. Mteja mmoja aliniletea bei nzuri mno ya Virgin Voyages, kumbe hawapokei mtu chini ya miaka 18. Viking ni hivyohivyo, na P&O ya Uingereza ina meli mbili, Arcadia na Aurora, za watu wazima tu.

Chakula. Watoto wetu wanaanzia uji na mtori, na mtori baharini hamna, ndizi utakazokuta ni mbivu. Kampuni nyingi hazikuruhusu kuingia na chakula ulichopika nyumbani, wala birika la umeme. Likionekana kwenye begi linachukuliwa mpaka siku ya kushuka. Unga wa lishe wa kusagisha uliofungwa kwenye mfuko usio na maandishi usiende nao, nunua wa pakiti ya kiwandani ambayo haijafunguliwa. Maji ya moto unayapata kwenye bafe pale penye chai, lakini uji wetu unataka moto chini ya sufuria, kwa hiyo chagua ule ulioandikwa kwamba umeshapikwa na unakorogwa tu. Asubuhi huwa kuna uji wa shayiri, na wengi wanaula ukiongezwa maziwa na sukari. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila kabla ya kula. Ile dawa ya kupuliza mlangoni peke yake haitoshi kwa virusi vya norovirus, ambavyo ndivyo huharisha watu melini.

Usalama nauchukulia kwa uzito kuliko klabu. Hapa kwetu mtu mzima akisikia meli anakumbuka MV Bukoba iliyozama 1996, na bibi niliyemtaja alikubali kupanda baada ya maneno mengi sana. Meli hizi zina sheria zake za kimataifa. Baada ya Costa Concordia kugonga mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012 na kuua watu 32, baadhi ya abiria wakiwa wamepanda jioni ileile bila kufanya zoezi la dharura, kanuni zilibadilishwa. Sasa abiria wapya wanafanya zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kanuni hizohizo zinataka jaketi okozi za watoto zisipungue asilimia 10 ya idadi ya abiria, na kwa safari za saa 24 au zaidi kila kichanga aliyemo awe na yake. Zipo, lakini mara nyingi hazipo chumbani kwako. Ndani ya kabati utakuta za watu wazima. Mwambie mhudumu wa chumba akuletee za saizi ya watoto kabla hujafungua mabegi, mvalishe mwanao, ufunge mikanda mwenyewe uone kama inamkaa.

Waokoaji bwawani ni jambo la kuuliza kwa kila kampuni. Disney waliweka mwaka 2013, na Royal Caribbean wakaanza kuweka kwenye meli zao mwaka 2017. Kuna meli ambazo mpaka leo zina kibao tu kinachosema hakuna mwokoaji, na kibao hakijui kuogelea. Mwenye mtoto wa miaka mitano anayejua maji ya beseni tu, swali hili kwangu linatangulia la klabu. Chumba chenye roshani mimi sikikatii kwa mwenye mtoto anayepanda viti. Dirisha lisilofunguka linatosha, bahari ni ileile.

Halafu dada. Wateja wengi wananiuliza kama wanaweza kwenda na dada wa kazi, na kusema kweli bila dada mama hatapumzika. Inawezekana, lakini dada ni abiria kamili: pasipoti, nauli, na kitanda. Vyumba vingi mwisho ni watu wanne, wawili wakilala kwenye vitanda vya deka vinavyoshuka kutoka ukutani au darini, na kitanda cha juu si cha mtoto mdogo. Watu watano maana yake vyumba viwili, na ukiomba viwili omba vyenye mlango wa katikati mapema, huwa ni vichache. Mdogo ombewe kitanda cha vichanga siku ya kulipia, usingoje kufika.

Bei ya tangazo ina chakula cha bafe na klabu. Haina vinywaji vingi, intaneti wala bakshishi, ambayo kwa kampuni za Marekani ni karibu dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku na inakatwa yenyewe. Haina daktari pia, na bima ya afya ya hapa nyumbani haifiki baharini. Nunua ya safari, inayosema wazi kwamba inalipa kuhamishwa mgonjwa kutoka melini.

Kuhusu kulewa bahari, yule wa mwaka na nusu atakuwa salama kuliko wote. Wa chini ya miaka 2 ni nadra kulewa. Wanaolewa zaidi ni kuanzia miaka 2 hadi 12 hivi. Kwa hiyo mwangalieni wa miaka mitano. Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, kinayumba kidogo. Na kabla ya kulipia malipo ya kwanza, mpandisheni boti ya Dar kwenda Unguja, mwendo wa saa mbili hivi. Msimpeleke kipindi kusi imechachamaa, Juni hadi Agosti, atachukia bahari bure. Akitapika hata wakati bahari imetulia, mpelekeni kwa daktari kuuliza dawa na kipimo chake, msimpe nusu ya kidonge cha baba.

Barua haikusema, lakini wenye mtoto wa umri huu huniuliza baadaye kwa sauti ya chini: kama mama ni mjamzito, kampuni nyingi hazimpokei akifikisha wiki ya 24 wakati wowote wa safari. Wiki zihesabiwe mpaka siku ya kushuka, si ya kupanda, na barua ya daktari yenye tarehe hizo iwe mkononi wakati wa kujiandikisha bandarini.