Gemu la mji kwenye Arduboy: usianzie kwenye laptopu, anza na hesabu ya baiti

Mkuu wa Iringa, simama hapo hapo. Usiandike mstari mwingine.

Umesema ramani ya gemu lako la kujenga mji ni viwanja 64 kwa 64, kila kiwanja kimebeba baiti sita (aina, watu, umeme, moshi, foleni ya magari, thamani ya ardhi), na kwamba kwa sasa unaandika kwenye laptopu, ukimaliza utahamishia kwenye Arduboy, kile kifaa kidogo cha mkononi cha kuchezea gemu. Hapo kwenye kuhamisha ndipo watu wanapoumia. Sisi huku Mbeya tulianza hivyo hivyo, na kundi zima la vijana waliokuwa na moto wa kazi likasambaratika.

Piga hesabu sasa hivi. 64 mara 64 ni viwanja 4,096. Zidisha kwa sita unapata baiti 24,576. RAM ya Arduboy, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi gemu likichezwa, ni baiti 2,560 tu. Tena si zako zote: skrini ya nukta 128 kwa 64 inachukua 1,024 kabla hujachora hata kibanda cha chipsi. Zinabaki 1,536. Hata ukikipa kila kiwanja baiti moja tu, bado hazitoshi. SimCity ya mwaka 1989 unayoitolea mfano ilikuwa na ramani ya viwanja 120 kwa 100, lakini ilitengenezwa kwa kompyuta za mezani. Usiichukue ramani ile kama kipimo.

Aliyetufundisha sisi alikuwa mwalimu wa kozi ya jioni, hapa hapa mjini. Tulimlipa. Kila tukimuuliza kuhusu kumbukumbu jibu lake lilikuwa moja: "Andikeni kwanza, kubana mtabana mwishoni." Mtu hajawahi kushika kifaa chenye kilobaiti mbili na nusu, anafundisha kwa uzoefu wa simu zenye giga nne, na anaongea kwa uhakika mpaka unajiona mjinga kuuliza mara ya pili. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Huwezi kubana mwishoni kitu ambacho umbo lake zima limejengwa juu ya nafasi isiyokuwepo. Tulivunja kila kitu, siyo kubana. Kila fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ilikuwa inauliza "kiwanja hiki kina nini", na viwanja vyenyewe havikuwa na pa kukaa.

Tukapunguza, tukakata, hatimaye gemu likaingia. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu, ikasema bado kuna nafasi. Tukalipeleka Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Mtoto mmoja wa shule akawa anajenga vizuri kabisa: nyumba, barabara, kiwanda, kituo cha umeme. Alipounganisha waya wa mwisho, barabara zikaanza kufutika zenyewe kuanzia kona ya juu kushoto, kisha skrini ikajaa nukta ovyo, kisha kimya. Akanitazama akaniuliza, "Nimeharibu?" Hakuwa ameharibu chochote. Umeme ulisambazwa na fanksheni inayojiita yenyewe: ikifika kwenye waya inajiita kwa jirani, na jirani kwa jirani yake. Kila mwito unachukua baiti kadhaa za staki (sehemu ya RAM inayokumbuka miito ambayo haijaisha), na staki inashuka kutoka juu ya RAM kuja chini zilipo data zako. Waya ukiwa mrefu, staki inaandika juu ya barabara. Ile taarifa ya kompaila huhesabu data za kudumu tu, staki haimo. Namba inapendeza, gemu linakufa.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: usihifadhi kitu unachoweza kukikokotoa. Kaa na karatasi, na kila kitu unachotaka kukiweka kwenye RAM kijieleze kwa nini kinastahili kuwemo.

Moshi? Usihifadhi. Zamu ya nyumba ikifika, pima umbali wake na viwanda vilivyopo, pata jibu, litupe. Thamani ya ardhi vivyo hivyo. Mito na milima haibadiliki, kwa hiyo ikae kwenye flashi, kumbukumbu inayotunza programu, pamoja na msimbo. Na hapa angalia sana: kwenye chipu hii, ATmega32U4, kuandika "const" (kitu kisichobadilika) peke yake hakutoshi, data inanakiliwa kwenye RAM gemu linapowaka. Lazima uweke PROGMEM, neno linaloibakiza data kwenye flashi. Picha ya jengo ya nukta 16 kwa 16 ni baiti 32. Majengo 20 ni baiti 640 zilizopotea kwa kusahau neno moja.

Ramani ifanye 48 kwa 48. Barabara ipo au haipo, hiyo ni biti moja, na baiti moja ina biti nane: ramani nzima ya barabara inakuwa baiti 288. Waya za umeme 288 nyingine. Majengo usiyaweke kwenye ramani kabisa, yaweke kwenye orodha, kila jengo baiti nne: x, y, aina pamoja na biti ya "lina umeme", na idadi ya watu. Majengo 100 ni baiti 400. Jumla 976. Ukijumlisha na skrini ni 2,000 kamili, unabaki na 560 za staki na vikorokoro vingine.

Kwa nini 100 na siyo 130? Kwa sababu ya kuhifadhi mchezo. EEPROM, kumbukumbu isiyofutika ukizima kifaa, ni baiti 1,024, na 16 za mwanzo zimetengwa na maktaba ya Arduboy. Zinabaki 1,008. Toa 976, una 32 za pesa, mwaka na kiwango cha kodi. Majengo 130 yangekufikisha 1,096 na mji usingehifadhika.

Umeme usambaze kwa foleni (orodha ya viwanja vinavyosubiri zamu), siyo kwa fanksheni kujiita. Foleni utaiweka wapi? Kwenye zile 1,024 za skrini! Oledi, yaani kioo chenyewe cha skrini, ina kumbukumbu yake yenyewe. Ukishaituma picha, inabaki inaonekana hata ukichezea bafa, yaani zile baiti 1,024 za kuchorea. Azima bafa, tumia baiti 288 kuweka alama za ulikopita, zilizobaki ziwe foleni, andika jibu kwenye ile biti ya jengo, halafu chora upya. Nilipoliona hili likifanya kazi nilishindwa kulala kwa furaha. Na majengo yakokotoe moja kwa kila fremu, yaani kila picha mpya ya skrini. Kwa fremu 60 kwa sekunde, yote 100 yanazungukwa chini ya sekunde mbili.

Kwamba inawezekana, inawezekana. Tafuta MicroCity ya James Howard, ni ya Arduboy hiyo hiyo na msimbo wake uko wazi. Usome kabla ya kumlipa mtu yeyote ada.

Najua uliuliza pia kuhusu muziki na namna ya kuuza. Hayo sijayagusa, wengine watakujibu. Wewe leo funga laptopu, chukua karatasi, andika jedwali lako la baiti ulibandike hapa chini. Nitalipitia mstari kwa mstari.